Mbele ya kununua kompyuta mpya, tupime ile ya zamani



Katika biro za vyama vyetu na katika shule, kuko kompyuta za mezani zilizonunuliwa miaka kumi iliyopita ao zaidi. Ndani yake munakaa daftari ya akiba, alama za wanafunzi, barua na picha. Sasa watu wanauliza: je, tuzitupe? Swali hilo linatokana na jambo la kweli. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Mashini haikuzimika siku hiyo, inaendelea kutembea. Lakini tundu jipya ambalo wezi watalivumbua halizibwi tena kama zamani. Na hata mashini isiyoingia intaneti inapata virusi kupitia flashi zinazozunguka toka biro hadi biro.

Wauzaji wengi wanajibu kwa neno moja: nunua mpya. Kwa chama kinachokusanya franka kidogo kidogo, jibu hilo linaweza kumeza feza za minerval ya watoto ao za mgonjwa. Basi, mbele ya kutoa feza, tufuate hatua hizi.

Kwanza, linda daftari. Kuweka programu mpya kunaweza kufuta disiki yote. Nakili kila kitu kwenye flashi mbili, kila moja ikae nyumba yake. Kisha zifungue kwenye mashini nyingine, uone kama zinasomeka kweli. Nakala isiyofunguliwa si nakala.

Pili, pima mashini. Bonyeza kitufe cha Windows, andika msinfo32, halafu soma jina la prosesere na ukubwa wa memoari, ile wanayoita RAM. Windows 11 inadai RAM ya giga 4, disiki ya giga 64 na kifaa cha ulinzi kinachoitwa TPM 2.0. Kwa prosesere za Intel Core, inataka kizazi cha 8 ao zaidi, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2017. Kizazi kinasomeka katika namba: i5-4570 ni ya kizazi cha 4, i5-8400 ni ya 8. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10400, soma mbili za kwanza: kizazi cha 10. Kuko mafundi wanaoweka Windows 11 kwa nguvu kwenye mashini isiyokubaliwa. Inawezekana, lakini Microsoft haiahidi kwamba mashini hiyo itaendelea kupokea matengenezo.

Tatu, fungua sanduku, umeme ukiwa umechomolewa. Toa vumbi kwa burashi laini. Kama saa inarudi nyuma kila umeme unapokatika, badilisha betri ndogo ya duara, CR2032. Disiki ya zamani inayozunguka ukiibadilisha kwa SSD, utaona tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote. Ukitaka kuongeza RAM, peleka ile ya zamani dukani uilinganishe, kwani DDR3 haiingii mahali pa DDR4.

Nne, kama Windows 11 inakataa, kuko Linux Mint, ya bure tangu ilipoanza mwaka 2006. Inataka RAM ya giga 2, ingawa 4 ni afadhali, na disiki ya giga 20. Kwa mashini dhaifu, chagua ile ya Xfce. Toleo la 22 litapata matengenezo hadi mwaka 2029. Inasema Kifaransa, na LibreOffice iliyo ndani yake inafungua kazi za Word na Excel. Mtu mmoja akiipakua, karibu giga 3, anaweza kuigawia vyama vyote bila kuvunja sheria. Unaweza pia kuijaribu kutoka kwenye flashi, bila kugusa disiki. Wakati huo jaribu imprimante, na uliza kama programu yenu ya hesabu iko ya Windows tu. Hiyo inaweza kukataa.

Siku ya kazi yenyewe, usitegemee umeme wa kartie peke yake. Ukikatika katikati, mashini inaweza kukataa kuwaka. Tumia ondulere ao jenereta.

Mashini yenye RAM chini ya giga 2 isiyoongezeka, ao iliyoungua ndani, hiyo kweli imemaliza kazi yake. Hapo kununua ni haki.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kilete karatasi yenye mistari mitatu: prosesere, RAM, ukubwa wa disiki. Tuje pia na wasichana wawili wa kila kikundi, wajifunze kazi hii kwa mikono yao, ili kesho tusimlipe fundi kwa kila jambo dogo.