Kiendeshi, Tarjumani wa Mashine

Mji wa Kalemie, uliosimama mahali mto Lukuga unapoliaga ziwa Tanganyika na kushika njia ya kuelekea mto Kongo, ulipata reli yake ya kutoka Kabalo mwaka 1915, zama ulipokuwa ukiitwa Albertville. Lakini intaneti iliwajia wakazi wake wengi kwa njia ya hewa: kwa minara ya simu, kwa masahani ya satelaiti juu ya mapaa ya ofisi, na kwa modemu ndogo ya kuchomeka katika tundu la USB la kompyuta. Aghalabu hutokea kwamba modemu hii, iliyofanya kazi vema katika kompyuta ya jirani, ikichomekwa katika kompyuta nyingine huwasha taa yake tu na mashine isiseme neno. Mwenyewe huambiwa kuwa modemu imekufa, akaiweka kando, akatafuta fedha za kununua ya pili, ilhali ile ya kwanza ilikuwa nzima haina taksiri. Kilichokosekana ni kiendeshi, na kukitengeneza kiendeshi ni elimu iliyo wazi, ambayo kijana wa Kalemie anaweza kuichuma bila kuvuka ziwa.

Kiendeshi ni programu inayokaa baina ya kifaa na kiini cha mfumo endeshi, kile kiini ambacho ndicho kinachogawa kumbukumbu, muda na ruhusa kwa programu zote za kompyuta. Kiini hujua kusema maneno ya jumla tu: peleka pakiti hii ya data, soma faili ile; kifaa nacho hakijui ila rejista zake, kwamba tarakimu fulani ikiwekwa mahali fulani antena huamka, na nyingine ikisomwa hutoa habari ya kuwa kazi imekwisha. Karani wa forodha wa Kalemie, anayeandika kwa Kifaransa, akipokea shehena kutoka Kigoma yenye hati za Kiingereza, huhitaji tarjumani mwaminifu asiyeongeza wala kupunguza neno, maana tarjumani akikosea shehena huzuiliwa ingawa ni halali. Na ndivyo kiendeshi kinavyosimama baina ya mashine na kifaa chake.

Kwamba makosa mengi hukaa hapo si dhana. Mwaka 2001 Andy Chou na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walikikagua kiini cha mfumo endeshi wa Linux, wakaona kwamba viendeshi vilikuwa na kiwango cha makosa kikubwa hata mara 3 hadi 7 kuliko kile cha sehemu nyingine za kiini. Na mwaka 2003 Michael Swift na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliandika kwamba asilimia 85 ya maanguko ya Windows XP yaliyoripotiwa yalisababishwa na viendeshi. Sababu zake ni dhahiri. Viwanda vingi huficha maelezo ya vifaa vyao, hata mwandishi wa kiendeshi akalazimika kukisia. Kiendeshi hujaribiwa katika mashine chache kisha kikapelekwa kwa mamilioni. Na fauka ya hayo, katika mifumo mingi hufanya kazi ndani ya kiini chenyewe kwa mamlaka kamili, kwa hiyo kosa lake dogo huweza kuiangusha kompyuta nzima.

Tuanze na USB. Toleo lake la kwanza lilitangazwa mwaka 1996, likipitisha biti milioni 12 kwa sekunde kwa kasi yake ya juu. La pili, la mwaka 2000, lilifika milioni 480. Na la tatu, la mwaka 2008, bilioni 5. Lakini fadhila yake kubwa kuliko kasi ni kwamba kila kifaa hujitambulisha chenyewe: kinapochomekwa, kiini hukiuliza habari zake, nacho hujibu kwa kutaja namba mbili, moja ya kiwanda kilichokifanya na nyingine ya aina ya kifaa. Namba ya Huawei ni 12d1, na ya ZTE ni 19d2. Kiini huchukua namba hizo kikazitafuta katika majedwali ya viendeshi vyake, na kikizikuta katika jedwali la kiendeshi fulani, hukikabidhi kifaa kwa kiendeshi hicho.

Hapo ndipo penye kosa la kwanza, nalo ni kosa jepesi kuliko yote kulitengeneza. Kiwanda hutoa modemu mpya ambayo moyo wake wa kielektroniki ni ule ule wa modemu ya mwaka uliopita, kikabadili namba ya aina peke yake. Kiendeshi kinachofaa kimo ndani ya kompyuta, lakini kwa kuwa namba hiyo haimo katika jedwali, hakiitwi. Dawa yake ni mstari mmoja wa kuongeza namba hiyo. Linux imekwenda mbele zaidi: ina faili iitwayo new_id, ambamo fundi huweza kuandika namba zile mbili wakati kompyuta inafanya kazi, na papo hapo kiendeshi kikamshika mgeni aliyekuwa akikataliwa. Kompyuta ikizimwa maandishi hayo hupotea, lakini fundi amekwisha kuthibitisha kwa macho yake kwamba modemu ilikuwa hai.

Kosa la pili lina hila zaidi. Modemu nyingi za miaka ya 2000 na 2010 zilitengenezwa zijidhihirishe kwanza kama sahani ya CD yenye programu za Windows ndani yake, ili mnunuzi asihitaji kubeba sahani ya kweli. Baada ya programu hizo kuwekwa, modemu huamriwa ivue sura ya CD na kuvaa sura ya modemu. Katika Linux amri hiyo haikutolewa na mtu, na modemu ikabaki kuwa CD milele. Modemu nyingi za Huawei, miongoni mwao E173 iliyoenea sana Afrika, huonekana kwa namba 12d1:1446 zikiwa katika hali hiyo ya kwanza. Josua Dietze ndiye aliyeandika programu ya usb_modeswitch, ambayo huzitambua modemu za namna hii na kuzipelekea ujumbe wa kuzigeuza. Na laiti habari hii ingalijulikana mapema katika karakana zetu, modemu nyingi zingalisalimika.

Kosa la tatu ni la kuondoka. Kifaa cha USB huchomolewa wakati wowote: mkono umegonga meza, au umeme wa Bendera, ule wa maporomoko ya mto Kyimbi unaoulisha mji, umekatika, na kitovu cha USB kinachoilisha modemu umeme kikazimika huku kompyuta yenye betri ikiendelea. Wakati huo kiendeshi huwa kina maombi ambayo hayajajibiwa, nacho hupaswa kuyafuta yote, kisha ndipo kiachilie kumbukumbu kilizokuwa kinazitumia; kikiziachilia mapema, sehemu nyingine ya kiini huzigusa zikiwa zimekwisha kupewa kazi nyingine, na mashine huganda. Mwaka 2017 Andrey Konovalov, kwa kutumia chombo cha syzkaller kinachojifanya kuwa kifaa kibovu na kukichokoza kiini kwa majibu ya upuuzi, alifichua makosa kwa makumi katika viendeshi vya USB vya Linux, mengi ya jinsi hii hii.

Tukija kwa viendeshi vya mtandao, kadhia hubadilika: hapa suala si tena kujulikana au kutojulikana, bali ni wingi na wakati. Kadi ya mtandao ikipokea pakiti hupeleka kikatizo, yaani ishara ya kukiachisha kiini shughuli zake ili kiihudumie. Waya wa biti milioni 100 kwa sekunde huweza kuleta pakiti ndogo zaidi ya 148,000 kila sekunde, na kama kila moja italeta kikatizo chake, kompyuta hushinda ikijibu vikatizo isipate nafasi ya kuzishughulikia pakiti zenyewe. Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov walieleza tiba yake mwaka 2001, nayo huitwa NAPI: kikatizo cha kwanza kikifika, kiendeshi hunyamazisha vinavyofuata, na kiini huenda chenyewe kuchukua pakiti kwa mafungu mpaka foleni iishe, ndipo vikatizo huruhusiwa tena. Kompyuta iliyotumika ng'ambo, ikaletwa shuleni kuwa mlango wa intaneti wa darasa zima, hustahimili kazi hiyo kwa sababu ya hekima hii.

Lakini kuna adha nyingine inayowasumbua watumiaji, nayo ni ya foleni ndefu. Kwa muda mrefu Linux iliweka foleni ya pakiti 1,000 mbele ya kiendeshi cha mtandao, na pakiti kamili ina baiti 1,500. Msomaji na apige hesabu: foleni ikijaa ni biti milioni 12, na katika njia ya kupandishia ya biti 256,000 kwa sekunde, pakiti ya mwisho itangoja karibu sekunde 47. Mtu mmoja ofisini akituma picha kubwa, sauti ya mwenzake anayezungumza na jamaa yake wa Lubumbashi hukatika, na wote huulaumu mtandao wa simu, kumbe pakiti zimerundikana ndani ya kompyuta yao wenyewe. Jim Gettys aliupigia mbiu ugonjwa huu mwaka 2010. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa kanuni ya CoDel, ambayo haipimi urefu wa foleni bali muda pakiti inaokaa ndani yake, na ukaaji ukizidi milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100 huanza kuangusha baadhi ya pakiti ili mpelekaji apunguze kasi. Mwaka huo huo Linux ilipokea kazi ya Tom Herbert, inayokiwekea mpaka kiendeshi kisijilimbikizie baiti nyingi kuliko zile zinazoweza kuondoka, na kila kiendeshi kilihitaji mistari michache tu kuitii. Katika sahani inayotazama satelaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako kwenda na kurudi kwa ishara huchukua karibu nusu ya sekunde, hakuna programu iwezayo kufupisha mbingu. Lakini kungoja kunakoongezwa na foleni kunaondoka.

Basi fundi ashike njia gani? Aanze kwa kuuliza kabla ya kuhukumu. Amri ya lsusb humwonyesha namba za kifaa, na amri ya dmesg humsomea yale ambayo kiini kimeandika tangu kifaa kilipochomekwa. Ikiwa kifaa hakionekani kabisa, au huingia na kutoka mara kwa mara, na ashuku tundu, waya au umeme hafifu, maana tundu la USB la toleo la pili hudhamini miliampea 500 tu. Ikiwa kinaonekana lakini hakina mwenye kukihudumia, na ashuku kiendeshi. Ikiwa kilifanya kazi jana na kimegoma baada ya kiini kupandishwa toleo, amri ya git bisect humwezesha kuyagawa mabadiliko nusu kwa nusu, akijaribu toleo la katikati kila mara, hata katika mabadiliko 10,000 akampata mkosaji kwa majaribio 14 hivi. Kisha aandike taarifa yenye adabu na uhakika: namba za kifaa, toleo la kiini, kilichotazamiwa, kilichotokea. Linux ina desturi ya kuandika jina la aliyeleta habari ya kosa na la aliyeijaribu dawa pamoja na jina la mtengenezaji, na majina hayo hubaki katika historia ya kiini.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, wakaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kukaa juu ya uso wa kompyuta bila haya. Wakati umewadia wa kuteremka chini ya uso huo. Walimu wa Chuo Kikuu cha Kalemie na wa vyuo vya ufundi vya mkoa wa Tanganyika wasiwafundishe wanafunzi kutumia programu peke yake, bali wawape modemu zilizotupwa, kompyuta moja yenye Linux, na ruhusa ya kusoma maandishi ya viendeshi, ambayo yamewekwa wazi kwa kila mtu bila malipo. Nawe msomaji, modemu yako ikikaa kimya, usiitupe kabla hujazisoma namba zake.