Dari Limesimama juu ya Nini? Habari za Kupanga Upya Chumba cha Chombo Kidogo

Baadhi yenu, kila tukutanapo harusini au mazikoni, mmekuwa mkiniuliza habari za kile chombo cha tanga ambacho mimi na shemeji yangu tulikinunua Portsmouth mwezi wa Machi 2022. Nimekuwa nikijibu kwa mkato, kwani kwa muda wa miaka miwili jawabu lenyewe lilikuwa vumbi, mbao zilizokatwa vibaya na lawama za nyumbani. Sasa chombo ki majini, nami naweza kueleza kwa utulivu.

Chombo chenyewe ni cha futi 26, cha fibaglasi, kilichojengwa hapa Uingereza katika miaka ya 1970. Enzi hizo vyombo vya kadiri hiyo vilitoka viwandani kwa wingi; aina moja mashuhuri, Westerly Centaur, ilitengenezwa tangu 1969 hadi 1980 na idadi yake ilizidi 2,000. Chetu si cha aina hiyo bali ni cha rika lake. Kina mikuku miwili badala ya mmoja, ili maji yakipwa kikae wima juu ya tope. Ndani yake vilibanwa vitanda vitano, mahali ambapo nahodha wa kwetu asingepakia zaidi ya magunia kumi ya chokaa. Vitanda viwili vilikuwa omoni, vikikutana miguuni. Kisha choo karibu na mlingoti, kisha meza isiyoondoka baina ya viti viwili, ambayo usiku hushushwa ikawa kitanda cha watu wawili. Cha tano kilikuwa ubavuni mwa injini, chembamba na cheusi mithili ya mwanandani. Watoto walikataa kabisa kulala humo, nami sikuwalazimisha.

Kilichotusukuma kuubomoa mpango huo ni magoti ya mama yangu. Mama amezaliwa Lamu na hakuwa amepanda chombo cha tanga kwa zaidi ya miaka 30. Tulipomchukua kwa mara ya kwanza, mwezi wa Aprili, aliteremka ngazi kwa shida, akakuta baina ya meza na jiko hapana pa kupitisha mtu mwenye fimbo. Akapanda tena akakaa nje saa nne katika baridi, amejifunika blanketi, akisema kwamba ameridhika. Mnaijua ile ridhaa ya wazee wetu.

Basi shemeji yangu, ambaye ana mkono mzuri wa kuchora, akachora chumba kipya. Meza imetoka, viti vimetoka, na kile kiambaza kilichotenga chumba na choo kimetoka pia, ili mtu aone moja kwa moja kutoka ngazini hadi omoni na jamaa wote wakae wakitazamana. Mchoro ulipendeza. Tulikwisha kuazima msumeno wa umeme.

Mwezi wa Julai akaja mjomba kutoka Lamu kututembelea. Katika ujana wake alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, na hakuwahi kugusa fibaglasi maishani mwake. Tulimpeleka akakione chombo, kikiwa kimepandishwa nchi kavu, tukamfunulia mchoro. Aliutazama kwa adabu, kisha akautazama mlingoti.

"Mwashiri uko wapi?" akauliza.

Kwa vijana wetu waliozaliwa huku: mwashiri ni lile gogo la chini, juu ya mkuku, ambalo mguu wa mlingoti huchomekwa ndani yake.

"Hakuna, mjomba. Mlingoti wa chombo hiki umesimama juu ya dari la chumba."

"Na dari limesimama juu ya nini, mwanangu?"

Tukanyamaza. Mjomba akashuka ndani, akakigonga kwa kifundo cha kidole kile kiambaza tulichotaka kukikata, pale hasa chini ya mlingoti. Hakusema neno jingine, wala halikuhitajika.

Mlingoti haukai kama mti uliopandwa. Umefungwa kwa kamba za waya kushoto, kulia, mbele na nyuma. Upepo ukivuma, kamba za upande wa upepo hukaza na kuuvuta juu ubavu wa chombo, na mlingoti nao husukumwa chini kama mchi kwenye kinu. Nguvu hiyo ya kushuka yaweza kulingana na uzito wa chombo kizima, au kuuzidi. Katika vyombo vya rika la chetu, kinachoipokea ni kiambaza kikuu, ubao ulioshikizwa kwa fibaglasi kwenye mwili wa chombo kuzunguka kote. Kwa macho ni ukuta wa kutundikia koti. Kwa kazi ndio mwashiri wenyewe, umevaa nguo nyingine.

Wala jambo hili si la vyombo vya fibaglasi peke yake. Robin Knox-Johnston, Mwingereza aliyekuwa wa kwanza kuizunguka dunia peke yake bila kuingia bandarini, alitoka Falmouth tarehe 14 Juni 1968 na kurejea tarehe 22 Aprili 1969. Chombo chake cha futi 32 kilijengwa Bombay kwa msaji, na jina lake ni Suhaili. Huko bahari ya kusini wimbi lilikilaza ubavu. Kiliposimama tena, alikuta kingo za chumba zimepasuka na viambaza vya ndani vimesogea. Msaji ule ulikuwa mzito, na bado ulisogea.

Turudi kwetu. Tuliamua kiambaza kibaki na kila kitu kingine kihame. Lakini kabla ya kushangilia, shemeji yangu alichomeka bisibisi kwenye sehemu yake ya chini, upande wa choo, nayo ikazama hadi mpini. Maji ya miaka mingi yalikuwa yameulainisha ubao kama mkate uliotiwa chai. Ikabidi tung'oe mlingoti, tuegemeze dari kwa nguzo, tukikate kiambaza kile kile tulichoapa kutokigusa, na kujenga kingine mahali pake.

Hapo tuliharibu ubao mmoja mzima wa plaiwudi ya baharini, na naeleza ili asije mwingine akaharibu wake. Nilipima kwa pimamaji, kama ninavyopima nyumbani. Pimamaji husema kweli iwapo chombo nacho kimekaa sawa. Chetu kilikuwa kimeinama kidogo kuelekea omo juu ya magogo yake. Ubao ulisimama wima kwa mujibu wa dunia, na ukapinda kwa mujibu wa chombo. Ilitupasa kwanza kukiinua omoni mpaka mstari wake wa maji ulale sawa, ndipo tupime chochote.

Kigezo tulikitengeneza kwa fito nyembamba za mbao zilizounganishwa kwa gundi ya moto, kila ufito ukigusa mwili wa chombo kwa ncha yake. Kisha tukakilaza juu ya ubao na kuunganisha ncha kwa kalamu. Plaiwudi tuliyotumia ina chapa ya BS 1088, ambayo gundi yake haiachii kwa maji. Ubao mzima ni futi 8 kwa 4 na haupiti mlangoni mwa chombo, kwa hiyo kiambaza kiliingia vipande viwili na kuunganishwa ndani, juu ya uwazi wa mlango.

Wala ubao haufai kugusa mwili wa fibaglasi moja kwa moja. Ukigusa, pale huwa pagumu kuliko jirani yake, na chombo kikipigwa na mawimbi hukunjika pale pale mpaka kikapata ufa. Huachwa nafasi ya kama sentimita moja, ikajazwa sponji ngumu. Pembe hulainishwa kwa epoksi, kisha matabaka ya kitambaa cha fibaglasi hupakwa pande zote mbili. Epoksi haipendi baridi, nasi kuanzia Novemba hadi Machi tulikaa nyumbani tukinywa chai. Vumbi la fibaglasi nalo huwasha kama upupu na mapafu hayalisamehe. Vaeni barakoa ya mafundi, si ile ya kitambaa.

Yaliyosalia yalikuwa mepesi kwa kulinganisha. Choo hatukukihamisha, kwa kuwa kila bilula iliyo chini ya mstari wa maji ni tundu la kukizamisha chombo, na hatukutaka kutoboa mapya. Jiko tulilipeleka karibu na ngazi, mahali kilipoanzia kile kitanda cheusi, na lenyewe hubembea ili sufuria isimwagike chombo kinapolala. Mtungi wa gesi uko nje, katika sanduku lisilopitisha hewa ndani, lenye tundu la kutokea baharini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja chomboni haina mlango wa chini wa kutokea. Hushuka hadi ngamani ikatulia huko kama maji, ikingoja cheche moja.

Pale palipokuwa na meza sasa pana makochi mawili yanayotazamana, kila moja la urefu wa mita 1.95, na meza hukunjwa ikalala juu ya kiambaza. Ngazi ilikuwa na vidato vinne, sasa ina sita, na pande zote mbili pana pa kushika. Vitanda vimepungua hadi vinne. Shemeji yangu alilipinga hilo kwa wiki tatu, mpaka mkewe alipomwuliza ni nani hasa atakayelala cha tano. Sakafu katikati ina upana wa sentimita 60, na meza ikikunjwa mtu mmoja aweza kusali kwa kusimama, iwapo upepo umekigeuza chombo kuelekea kibla. Usipokigeuza, hungojea kidogo au hukaa.

Tulikishua mwezi wa Mei 2024. Mama aliteremka bila kushikwa mkono, akakaa mwisho wa kochi, mgongo ameuegemeza kwenye kiambaza, akaagiza chai kama aliyeko barazani kwake. Ilikuwa siku ya upepo. Kamba zikikaza, ubao hutoa mlio mdogo, naye akauliza ni nini hicho. Nikamwambia ni mlingoti unakaa kitako.

Jioni nilimpigia simu mjomba. Hakuuliza habari za mito wala rangi. Aliuliza kama ngama ni kavu. Nikamjibu kwamba ni kavu, isipokuwa chini ya ngazi.

"Lionje maji hayo," akasema. "Yakiwa ya chumvi, nipigie tena kesho."

Nikayaonja. Yalikuwa chai.