Namba ya Simu Inapogeuka Kwenye Lebo

Kikuubo, kichochoro cha biashara ya jumla katikati ya Kampala, hulisha maduka ya Uganda nzima na wanunuzi kutoka Sudan Kusini, Rwanda na Kongo. Katoni zinazofika huko kutoka Dubai huwa na Kiarabu na Kiingereza ubavuni, na mfanyabiashara anayetaka ankara yake isomeke Juba na Bunia vilevile hujikuta akichanganya Kiarabu, Kiswahili na tarakimu katika mstari mmoja. Kwa maoni yangu, hapo ndipo programu ya kuandika ipimwe. Urefu wa orodha ya lugha inazojigamba nazo haunishtui. Nataka kujua inaufanya nini mstari wenye mielekeo miwili.

Tuchukue aya ya Kiarabu, inayokwenda kulia kwenda kushoto. Andika ndani yake +256 111 222 333. Kompyuta huzihifadhi tarakimu kama ulivyozigonga, lakini karatasini hutoka 333 222 111 256+. Hakuna kilichoharibika. Kanuni za Unicode, mfumo wa kimataifa wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, ambazo takriban programu zote huzifuata, huipa kila herufi mwelekeo wake: alifu huelekea kushoto, A huelekea kulia. Tarakimu zilizoshikana hubaki kwa mpangilio wao, ila nafasi tupu haina mwelekeo wowote, hivyo hufuata mkondo wa aya na kuyapanga makundi ya tarakimu upya. Alama ya kujumlisha nayo huhamia upande wa pili. Wasomaji wa Kiarabu pia husoma namba ya simu kuanzia kushoto, kwa hiyo mteja atapiga namba isiyokuwepo. Dawa ipo: tangu toleo la 6.3 la mwaka 2013, Unicode ina alama zisizoonekana za kukitenga kipande cha maandishi ili kisiburutwe na jirani zake. Lakini alama isiyoonekana, isiyo na kitufe kwenye kibodi, ni dawa iliyofungiwa kabatini.

Atatokea wa kusema kwamba siku hizi biashara huendeshwa kwa ujumbe wa sauti. Ni kweli kwa kupatana bei. Ankara na lebo hazibandikwi kwa sauti. Hoja nzito zaidi ni ya wanaokerwa kuona juhudi za waunda programu zikienda kwenye lugha za kubuni. Programu ya kuandika ya LibreOffice 7.3, iliyotoka Februari 2022, iliingiza Kiklingoni, lugha ya filamu za Star Trek, wakati herufi ŋ ya Luganda, iliyomo katika tahajia sanifu ya mwaka 1947, haina kitufe kwenye kibodi za kawaida za Kampala, na watu huandika ng' tu. Kero hiyo naielewa, ila lawama imeelekezwa pasipostahili. Kwa programu huria kama hiyo, lugha huingia pale wanaoipenda wanapoandaa faili la majina ya miezi, siku na namna ya kuandika tarehe. Mlango ni uleule kwa Kiklingoni, Luganda na Kinande cha mashariki mwa Kongo. Kukosa kitufe ni suala la mpangilio wa kibodi, nao mtu mwenye ujuzi kidogo anaweza kuutengeneza bila kumsubiri mwenye kiwanda.

Tena, mpaka kati ya kilichobuniwa na kilicho halisi ni mwembamba kuliko tunavyodhani. Mwaka 1989 huko Guinea, ndugu wawili vijana, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walibuni herufi za Adlam kwa ajili ya Kifulani. Huandikwa kulia kwenda kushoto, na ziliingia Unicode mwaka 2016. Kanuni za mwelekeo zilikuwa zimekwisha kutungwa kwa ajili ya Kiarabu na Kiebrania, hivyo Adlam ilizikuta tayari. Faida hiyohiyo inakifikia Kiswahili cha hati ya Kiarabu, kilichoandikwa pwani yetu kwa karne kadhaa kabla ya shule za kikoloni: anayetaka kuchapa tenzi kwa hati yake ya asili, na maelezo ya herufi za Kilatini pembeni, hukutana na tatizo lilelile la lebo ya Kikuubo.

Kwa hiyo, unayelipia lebo au ankara ya lugha mbili, mwambie mchapaji akutolee nakala moja kwanza, uisome namba ya simu kuanzia kushoto tarakimu kwa tarakimu. Na mpaka programu zitakapoleta kitufe cha kutenga, kwa wateja wa Juba na Bunia andika 00256 badala ya +256, na tarakimu zote zishikane bila nafasi.