Kitoweo cha Bondeni

Katika bonde la Rufiji mchele na samaki hutoka shamba moja. Wakati wa masika mto hupanda, huvuka kingo, hufunika mpunga uliopandwa na mvua za mwanzo, halafu hurudi taratibu mahali pake. Nyuma yake hubaki tope jipya, ambalo wakulima hulipanda mahindi, kunde na mboga kwa kilimo wanachokiita mlao. Hubaki pia maji yaliyokwama. Mengine ni maziwa hasa, yenye majina yanayojulikana hadi mjini: Ruwe, Zumbi, Utunge. Mengine ni mabwawa na vidimbwi ambavyo nje ya kitongoji chake hakuna anayevijua. Nataka kuzungumzia hivi vidogo, maana waandishi wa habari za uvuvi huvipita wakikimbilia baharini au Ziwa Victoria.

Anayevua humo hajiiti mvuvi. Mvuvi ana mtumbwi na upondo, ana nyavu, na ana mchuuzi anayemsubiri ukingoni na baiskeli. Mtu wa kidimbwini ni mkulima aliyekwenda kutafuta kitoweo. Asubuhi, kabla hajashika jembe, atashuka kutoka kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti anakolala akilinda mpunga dhidi ya nguruwe, apite kutazama mgono wake. Akikuta perege wawili, siku imekwisha kujipa. Asipokuta kitu, kuna kisamvu.

Mgono wenyewe unastahili kuangaliwa. Ni mtego wa fito nyembamba zilizofungwa kwa kamba za miti, mrefu, umechongoka upande mmoja. Mdomoni una koo la vijiti vinavyoelekea ndani, hivyo samaki huingia bila kipingamizi, na akigeuka kutaka kutoka hukutana na ncha. Kuufuma si kazi ngumu sana kwa mwenye mikono mizuri. Kazi iko katika kuuweka. Maji ya mafuriko yanaporudi mtoni hupita katika vijito na mikondo, na samaki huyafuata. Anayejua mkondo upi utakauka mwisho, na usiku gani maji yatakuwa yakivuta kwa nguvu, ndiye anayekula. Elimu hiyo haipatikani kwa kuelezwa. Kijana huipata kwa kumfuata babu yake na kunyamaza.

Vijana wenyewe hupenda ndoana. Wanachimba nyungunyungu penye ubichi chini ya migomba, wanakata mwanzi, wanafunga mshipi, na mchana mzima unaishia hapo. Wazazi hulalamika, lakini jioni hawakatai samaki.

Kiangazi kikikolea, kidimbwi hugeuka kuwa cha akina mama. Maji yamefika magotini, yamekuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na samaki waliobaki hawana pa kukimbilia. Wanawake hushuka kwa pamoja, watoto nyuma yao. Wengine hushika khanga pembe mbili mbili na kuikokota chini kwa chini. Pengine hujenga tuta la tope kukata kidimbwi vipande, kisha huteka maji kwa ndoo na masufuria na kuyamwaga upande wa pili hadi tope lianze kutikisika lenyewe. Hapo ni mikono. Kambale hushikwa nyuma ya kichwa, vidole vikiwa vimeibana miiba ya mapezi yake ya ubavuni, kwani anayemkamata ovyo huchomwa mchomo wa kumlaza macho. Kelele za siku hiyo husikika mbali. Hapo huzungumzwa ndoa, madeni na nani amerudi kutoka Dar es Salaam na nini, na sijui kama kuna baraza la kijiji linalofikia uwazi wa mazungumzo yale.

Huwezi kueleza vidimbwi bila kumpa kambale nafasi yake. Ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua, ndiyo maana hudumu katika tope lililokwisha kuua samaki wengine, na usiku wa mvua huweza kujikokota juu ya majani mabichi kutoka kidimbwi hadi kidimbwi. Nyumba isiyo na mkubwa wala mdogo huitwa nyumba ya kambale: baba ana sharubu, mama ana sharubu, watoto nao wana sharubu. Wasabato hawamli kwa kuwa hana magamba. Waislamu wa Rufiji, ambao wengi wao ni wa madhehebu ya Shafii, humsugua kwa majivu kuondoa utelezi, wakamtia tui la nazi, na mjadala ukaisha. Anayezidi hukunjwa mkia ukagusana na mdomo, akapangwa juu ya kichanja na kubanikwa kwa moshi mpaka awe mweusi na mkavu. Hapo ndipo samaki wa kidimbwi huanza safari ya sokoni.

Hakuna kibao kinachosema kidimbwi ni cha nani, lakini si kweli kwamba hakina utaratibu. Mgono wa mtu hauinuliwi na mwingine, hata kama mwenyewe amesafiri. Aliyesaidia kuteka maji, awe mgeni au mtoto, haondoki mikono mitupu. Kikongwe aliyebaki nyumbani hupelekewa fungu lake. Yapo mabwawa ambayo wazee husema yana wenyewe, na huko watu hawaendi hovyo. Tukumbuke pia kwamba mamba na viboko wa Rufiji hawabagui maji makubwa na madogo, kwa hiyo tahadhari hiyo ina faida zaidi ya moja.

Utaratibu huo ndio uliovunjika kidogo. Zamani na sasa wapo waliotwanga majani ya utupa na kuyatia majini, samaki wakaelea wamelewa, wakubwa kwa wadogo. Siku hizi kuna chandarua cha mbu, ambacho matundu yake hayabakizi hata kifaranga cha perege. Na perege ni samaki ambaye jike hulea mayai na watoto kinywani. Akivutwa huwatema, na chandarua kikawabeba wote. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu, na chandarua nacho hakiruhusiwi. Kwa maoni yangu, afisa mmoja wa uvuvi hawezi kuzunguka vidimbwi vyote vya wilaya, lakini macho ya majirani yanaweza, iwapo majirani watapewa haki ya kusema.

Hata hivyo hasara ya chandarua ni ndogo ukilinganisha na kidimbwi kisichofikiwa na mto. Mbegu ya samaki huja na mafuriko. Miaka ikipita bila maji kuvuka kingo, samaki huisha na tope hupasuka. Serikali imekuwa ikiyatazama mafuriko haya kama adui kwa muda mrefu. Baada ya gharika ya 1968 watu walihamishwa bondeni kwenda vijiji vya mwinuko katika Operesheni Rufiji, nao wakaendelea kurudi mashambani. Mwaka 2007 watafiti Stéphanie Duvail na Olivier Hamerlynck walichapisha makala kuhusu mafuriko ya Rufiji, wakiuliza kama ni balaa au baraka, na kwa mafuriko ya kawaida jibu lao lilielekea kwenye baraka. Tarehe 22 Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115, lilianza kujazwa. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na hakuna mwenye akili atakayetaka msimu kama ule urudi.

Lakini kati ya gharika na ukame kuna mafuriko ya kadiri, yale ya kupanda, kuvuka na kurudi kwa wakati wake. Sasa kipimo chake kiko mikononi mwa wanaofungua na kufunga milango ya bwawa. Wanapopanga maji ya umeme, wakae pia na akina mama wa bondeni, wawaulize maji yafike wapi na mwezi gani.