Istilahi za Kompyuta: Chaguo-Msingi na Hiari ya Mtumiaji

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa programu za kompyuta ni ile ambayo mafundi huitamka "difolti". Maana yake ni mpangilio ambao mashine huufuata endapo mtumiaji hakuamua vinginevyo. Programu nyingi zilizofasiriwa huuita "chaguo-msingi".

Tuchukue mfano. Walimu wawili wa Bunda wanatumia kompyuta moja yenye mfumo wa Linux, uliowekwa kwa Kiingereza. Mmoja akachagua Kiswahili. Wa pili hakugusa kitu. Kila mmoja aingiapo kwa jina lake, mashine hutafuta kwanza mapendeleo aliyoyahifadhi. Isipoyakuta, ndipo hurejea mpangilio wa mfumo mzima. Kwa hiyo hiari ya mmoja haimlazimishi mwenziwe. Na hata kwa yule aliyechagua Kiswahili, sentensi ambayo haijafasiriwa hujitokeza kwa Kiingereza: hiyo nayo ni difolti.

Sasa tulipime neno lenyewe. "Chaguo" hudokeza kwamba mtumiaji amechagua, ilhali aliyechagua ni mtengenezaji. "Msingi" nao ni kitu kisichobomolewa. Karani wa Musoma asomapo kwamba Kiingereza ndicho chaguo-msingi aweza kudhani kuwa hiyo ni amri, akaacha kutafuta Kiswahili. Jambo hili si dogo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Lakini kazi ya namna hiyo haimfai mtu asiyejua kwamba lugha ya mashine hubadilishwa.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipoipa tamthilia ya Shakespeare jina la "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969, hakutosheka na neno "wafanyabiashara" lililokuwa karibu. Alijua kwamba neno humwelekeza msomaji.

Kwa mintarafu hiyo, twapendekeza "mpangilio tangulizi" kwa kile kilichowekwa na mtengenezaji au msimamizi, na "pendeleo" kwa kile alichokiamua mtumiaji. Kinachotangulia chaweza kufuatwa na kingine. Hata hivyo, "chaguo-msingi" limekwisha kuenea. Atakayelitumia katika kitabu cha mafunzo hana budi kueleza, tangu ukurasa wa kwanza, kwamba laweza kubadilishwa.