Namba Ikae Wapi? Somo la Kwanza kwa Mjenzi wa Programu za Wavuti

Katika zahanati za wilaya ya Handeni, ikiwemo kata ya Sindeni, mgonjwa wa nje huandikwa kwenye Kitabu Namba 5 cha MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mwezi ukiisha, wagonjwa hao hujumlishwa kwenye fomu ya ripoti kwa ugonjwa, umri na jinsia, kisha namba huingizwa kwenye DHIS2. Huu ni mfumo ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na kufikia mwisho wa 2013 ulikuwa umesambazwa Tanzania Bara. Hufunguliwa kwa kivinjari, na sehemu kubwa ya kurasa zake za sasa imejengwa kwa React.

Vijana wengi huniuliza waanze na mfano gani wanapotaka kujifunza kujenga programu za wavuti. Wengi hupewa kazi ya kutengeneza orodha ya mambo ya kufanya leo. Mimi huwapa fomu ya ripoti ya zahanati, kwa sababu ndani yake mna kila jambo gumu la kazi hii.

Chukua mstari wa malaria. Watoto wa kiume 12, wa kike 9, wanaume 6, wanawake 4, jumla 31. Karani anagundua kwamba 12 ilipaswa kuwa 21. Akiirekebisha, jumla ya mstari lazima iwe 40, jumla ya safu ipande, jumla ya ukurasa ipande, na chati iliyo pembeni ibadilike. Kwa JavaScript tupu, lugha iliyobuniwa na Brendan Eich akiwa Netscape mwaka 1995, mwanaprogramu alilazimika kuiagiza kila sehemu ya skrini moja baada ya nyingine. Akiisahau moja, jedwali linasema 40 na chati inasema 31, na daktari wa wilaya hajui aamini ipi.

Fremuweki za komponenti, yaani msimbo ulioandaliwa tayari wa kujengea skrini, zilikuja kuondoa adha hiyo. Komponenti ni kipande cha skrini chenye umbo lake na kanuni zake. Kisanduku cha namba ni komponenti. Mstari wa malaria ni komponenti yenye visanduku ndani yake. Jedwali lote ni komponenti yenye mistari. Kisanduku unakiandika mara moja, unakitumia mamia ya mara. React, iliyoanzishwa na Jordan Walke pale Facebook, ilitolewa kwa umma Mei 2013. Vue ya Evan You ilifuata 2014. Angular mpya ya Google na Svelte ya Rich Harris zilitoka 2016. Zinatofautiana kwa mengi, lakini zote zinamtaka mwanaprogramu aeleze skrini inavyopaswa kuonekana kwa taarifa zilizopo, kisha kazi ya kuibadilisha aiachie fremuweki.

Kugawa skrini vipande si kazi ngumu. Kinachowashinda wanafunzi ni kuamua namba ikae wapi. Wengi hukipa kila kisanduku namba yake kiitunze chenyewe. Inaonekana sawa mpaka mstari unapotaka kujumlisha, maana mstari hauwezi kuchungulia ndani ya visanduku. Hapo mwanafunzi anaweka nakala ya pili kwenye mstari, na ya tatu kwenye chati, na ile hitilafu ya zamani imerudi nyumbani.

Kanuni ni kwamba taarifa moja itunzwe mahali pamoja tu, kwenye komponenti ya karibu inayozizunguka zote zinazoihitaji. Katika fomu yetu ni ukurasa, kwa kuwa jedwali na chati vyote vimo ndani yake. Ukurasa unateremsha 12 hadi kwenye kisanduku. Karani akiandika 21, kisanduku hakijibadilishi. Kinapeleka habari juu, ukurasa unabadilisha taarifa yake, na kila kinachoitegemea kinachorwa upya. Jumla nayo isitunzwe popote. Ihesabiwe upya kila mara, kwa sababu jumla iliyohifadhiwa ni nakala nyingine inayosubiri kupitwa na wakati.

Kuna mtego mwingine ambao kwa afya ya jamii ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Kisanduku kitupu si sifuri. Sifuri maana yake hakuna mgonjwa wa malaria mwezi huo. Kitupu maana yake hatujaambiwa. JavaScript ikiamriwa kugeuza maandishi matupu kuwa namba, inatoa 0 bila onyo lolote. Asiyelijua hilo anaweza kuifanya zahanati ambayo haijaleta ripoti ionekane haina malaria kabisa. Kosa la aina hii silichukulii kuwa dogo.

Mtandao nao una sheria zake. Mhudumu aliye kijijini hawezi kungoja ukurasa mzito ufunguke, wala kupoteza namba alizoandika intaneti inapokatika. Preact, iliyoandikwa kwa mtindo wa React, haifiki kilobaiti 10 ikibanwa. Vivinjari vina hifadhi ya ndani, na DHIS2 huitumia kutunza data zilizoingizwa mpaka mtandao urudi. Jifunze kuitumia hifadhi hiyo mapema, kabla ya kuhangaika na mapambo.

Kuhusu ipi uchague, sibishani sana. React ina kazi nyingi zaidi, Vue ni nyepesi kuanza nayo. Ila uijue JavaScript yenyewe kwanza, hasa funksheni na namna ya kupitia orodha. Na uangalie tarehe ya somo: React ilibadilisha mtindo wake wa uandishi Februari 2019, kwa hiyo mafunzo ya kabla ya hapo yatakufundisha njia ambayo leo haipendekezwi kwa kazi mpya.

Kwa zoezi la kwanza, usiwashe kompyuta bado. Chora fomu yenye mistari mitatu kwenye karatasi, zungushia kila komponenti, na kando ya kila namba andika ni komponenti ipi inayoitunza. Tumia namba za kubuni tu, kwani taarifa za wagonjwa ni siri na hazipaswi kutoka zahanati kwa ajili ya mazoezi.