Kadi Ikiisha Muda, Ukaazi Haukuisha

Katika familia nyingi za mijini yupo kaka, shangazi au mtoto aliyehamia Marekani. Anapokuja nyumbani kwa arusi au msiba, macho ya wengi huwa kwenye masanduku yake. Lakini mali yake kubwa ni kadi ndogo aliyoihifadhi pamoja na pasipoti. Hiyo ni kadi ya ukaazi wa kudumu, ambayo wengi huiita Grini Kadi.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kadi siyo ukaazi wenyewe, bali ni hati ya kuuthibitisha. Kadi ya kawaida hutolewa kwa miaka 10. Siku ya mwisho ikipita, mwenyewe hapotezi haki ya kuishi wala ya kufanya kazi. Anachopoteza ni ushahidi. Hata hivyo, ushahidi huo si jambo dogo. Mwajiri mpya na karani wa shirika la ndege hawasomi moyo wa mtu, husoma karatasi. Tena sheria ya nchi ile inamtaka kila mkaazi aliyetimiza miaka 18 atembee na kadi yake, na kukutwa bila ya kadi ni kosa liwezalo kuleta faini au kifungo cha hadi siku 30.

Maombi ya kadi mpya hufanywa kwa fomu I-90, ambayo aweza kuipeleka miezi 6 kabla ya kadi kwisha. Mwezi Aprili 2024 ada iliwekwa dola 415 kwa anayeomba kwa intaneti, na dola 465 kwa anayetumia karatasi. Stakabadhi ya maombi itunzwe kama kadi yenyewe, kwani tangu Septemba 2024 huirefushia kadi ya zamani muda wake kwa miezi 36. Fomu hiyo hiyo hutumiwa na aliyeibiwa kadi, iliyemharibikia, au aliyebadili jina baada ya ndoa.

Lakini iko kadi ya namna nyingine. Aliyepata ukaazi kwa ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 hupewa kadi ya miaka 2 tu, yenye masharti. Hiyo haifanywi upya kwa I-90. Mwenyewe hana budi kuomba kuondolewa masharti kwa fomu I-751, na kwa kawaida wanandoa huomba pamoja katika siku 90 za mwisho. Akizembea, hapo ukaazi wenyewe hukatika.

Je, kadi ikipotea akiwa huku nyumbani? Atoe taarifa polisi mara moja, kisha aende ubalozi wa Marekani na fomu I-131A, aombe hati ya kumruhusu kupanda ndege. Njia hiyo ni ya mtu ambaye hajamaliza mwaka mmodi nje ya Marekani.

Mwaka huo mmoja ndio unaotuhusu sisi jamaa. Mama mzazi akiugua, mtoto huja kumwuguza. Hali ikitengemaa, wazee humwomba asubiri kidogo. Mara mjomba ana posa, mara kuna kiwanja cha kugawana. Miezi hupita bila mtu kuhesabu. Ukipita mwaka, kadi peke yake haitoshi tena kumrudisha, hata kama tarehe yake bado ni mbichi. Angehitaji kibali cha kurejea, ambacho huombwa kabla ya kuondoka Marekani. Asipokuwa nacho, itambidi aombe ubalozini viza ya mkaazi anayerejea, na athibitishe kwamba alichelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Hakuna hakika kwamba atakubaliwa.

Hivyo mapenzi yetu yaweza kumponza ndugu yetu. Kazi yake, watoto aliowaacha shuleni, na hata ile fedha ya dawa anayoituma kila mwezi, vyote hutegemea siku hizo zilizosahauliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mgeni wako akishapumzika, mwulize tarehe mbili: ile ya mwisho wa kadi yake, na ile aliyotoka Marekani. Ziandikeni kwenye kalenda ya ukutani, mahali ambapo nyumba nzima itaziona.